Jirani Yangu Ameliondoa Jina la Mtoto Wake kwenye Waifai

Pantaleo Nkwabi,
Nyumba ya tatu baada ya karasha bovu,
Mtaa wa Stoo ya Pamba, Kata ya Nyasubi,
Kahama.
Jumatano, 10 Septemba 2025.

Ndugu Mwenyekiti wa Mtaa,
Mtaa wa Stoo ya Pamba.

YAH: JIRANI YANGU MASUDI KUFUNGA MTANDAO WAKE HUKU MIMI NIKIWA BADO NDANI

Ndugu Mwenyekiti,

Mwangaluka. Natumaini mmeamka salama wewe na mama watoto, na yule ndama aliyekula kamba ya katani naye anaendelea vizuri. Watu wa ofisini huanza barua zao kwa kumwambia msomaji ahusike na kichwa cha habari. Mimi nakuomba uhusike na habari nzima, mpaka mwisho, maana ukiishia kwenye kichwa utadhani nimechanganyikiwa.

Mimi ndiye Pantaleo Nkwabi, ambaye mtaani mnaniita Baba Agnetha. Nilikuwa mtunza stoo mgodini kwa miaka ishirini na miwili, na katika miaka hiyo haikupotea hata bolti. Nasema hivyo ili ujue barua hii inatoka kwa mtu mwaminifu. Ninayemlalamikia ni jirani yangu Masudi, Baba Kausar, muuza mikanda ya karasha, zile mashine za kusaga mawe ya dhahabu, ambaye ukuta wake na wangu ni mmoja. Ni mtu mwema. Anaswali, anasalimia, na sikukuu haipiti bila sinia la pilau kuvuka ukuta kuja kwangu. Ndiyo maana jambo alilonitendea Jumamosi iliyopita limeniuma kuliko kama lingetendwa na mwizi.

Kwa ufupi, Masudi ameleta fundi akafunga mtandao wake wa intaneti, ule wa hewani na ule wa waya. Wakati anaufunga, mimi nilikuwa naongea na wakwe humo humo ndani. Sasa ndoa ya binti yangu Agnetha inaning'inia, na ikianguka Jumamosi hii, ujue imeangushwa na kisanduku. Malalamiko yangu ni haya yafuatayo.

1. Kuhusu neno la siri.

Kwa miaka miwili neno la kufungulia waifai ya Masudi lilikuwa kausar2019. Hakuna aliyenipa, na mimi sikumuuliza mtu. Wewe mwenyewe unajua, huku kwetu mtu akishazaa, jina lake la ubatizo au la chuoni linakwenda likizo. Asubuhi muuza maziwa anapita: Baba Kausar, maziwa. Mchana fundi cherehani: Baba Kausar, suruali yako tayari. Alasiri hata wale wanaomdai salamu tu, Baba Kausar, Baba Kausar. Mtu ambaye neno lake la siri linatangazwa na mtaa mzima kutwa, na yeye mwenyewe anaitika naam, huyo hana siri. Na huo mwaka pia haukujificha. Akika ya mtoto tulikula sote, mimi nikiwa na paja la mbuzi mkononi. Kwa hiyo siku nilipojaribu na simu ikakubali mara ya kwanza, sikujiona nimevunja mlango. Nilijiona nimeitikia mwaliko.

Sasa amelibadilisha. Nimejaribu mara thelathini na moja. Nimejaribu jina la mama yake mzazi, la timu yake ya mpira, la Ujiji alikozaliwa, la jogoo wake. Nimejaribu hata la kwangu, kwa kuwa binadamu hajui anapendwa na nani. Yote yamekataliwa.

Hapo nikaanza kuwaza kama mtu mzima. Baba mwenye mtoto mmoja analiondoa jina la mtoto huyo mlangoni na kuweka jingine. Hilo jingine ni la nani? Kwa hesabu zangu ni la mtoto. Yuko mtoto mwingine, Ndugu Mwenyekiti, labda Segese, labda Katoro kwenye machimbo, kule ambako wauza mikanda wakikosa gari huchelewa kurudi. Na anayelificha jina la mwanawe amemkana mwanawe, hilo halina mjadala. Mimi Pantaleo siwezi kulikana jina la mwanangu kwa ajili ya mashine. Jambo hili sijamwambia mtu yeyote, isipokuwa pale buchani, na kidogo kwa kinyozi. Nashangaa Mama Kausar hanisalimii tangu juzi.

2. Kuhusu waya.

Waifai peke yake isingenitosha. Televisheni yangu ipo chumba cha ndani, na kuta zangu za tofali za kuchoma zinameza mawimbi yote. Sasa mwaka juzi Masudi alikwenda Ujiji kula Idi, akaniachia ufunguo nimlishie kuku. Kuku niliwalisha, mashahidi wapo, walinenepa. Lakini nikiwa mle nikakiona kisanduku chake cha mtandao. Nyuma kina matundu manne ya waya. Moja linafanya kazi, matatu yamekaa bure. Ndugu Mwenyekiti, mtunza stoo hawezi kuona kitu kimekaa bure akatulia. Nikachomeka waya, nikaupitisha dirishani, nikaulaza chini ya banda la kuku, ukatokea kwangu kupitia tundu la ukuta ambalo lilikuwepo tayari baada ya mimi kulitoboa.

Huku Usukumani tangu enzi za babu zetu mtu hamnyimi jirani kaa la moto. Unakwenda na kigae chako, unachukua kaa, unaondoka, na moto wa mwenyewe haupungui. Mimi nilichukua kaa. Tofauti ni moja tu, kwamba sikutaka kumsumbua kwa kumwomba.

Huyo fundi aliuona waya akauchomoa. Ningemwelewa kama angeukata kwa hasira, mwanaume ana hasira. Yeye aliufuata polepole, akiwasogeza kuku kwa adabu, hadi ukutani kwangu. Akautoa, akaukunja vizuri, akaufunga kwa utepe, akauning'iniza juu ya geti langu ambapo kila mpita njia anauona. Kisha akayazima yale matundu matatu kwa ndani, hata mtu akichomeka waya mpya hautaongea. Uso wake sikuuona. Nilimwona mgongo dirishani, yuko juu ya ngazi, kofia imeshuka mpaka masikioni. Kijana mwembamba, kimya, mgongo umepinda kidogo upande wa kushoto. Watu wanamwita Fundi, basi. Namhurumia sana mzee ambaye kiumbe kama yule atakuja kuwa mkwewe.

3. Kuhusu kusomwa hadharani.

Kabla ya kufunga, Fundi alikaa uani kwa Masudi na kompyuta yake, akawa anasoma kwa sauti majina ya simu zote zilizomo ndani ya mtandao, akimuuliza mwenye nyumba: hii unaijua? Na hii? Niliyasikia yote kupitia ukuta. Nilidhani ni sensa tu. Zilikuwa simu kumi na nne, na za Masudi na mkewe ni mbili.

Ikasomwa Mzee wa Stoo. Hiyo ni yangu, ndivyo nilivyoipa jina siku niliyostaafu. Masudi akajibu kwamba Mzee wa Stoo hamjui. Miaka minane ukuta mmoja! Zikasomwa na nyingine. Ikasomwa Kwaya Sauti ya Pili. Ikasomwa Mtarajiwa wa Udiwani. Ikasomwa Ofisi ya Mtaa, tena mara mbili, kwa sababu mara ya kwanza hawakuamini. Mimi sisemi kitu, Ndugu Mwenyekiti. Nasema tu kwamba shauri hili si la Pantaleo peke yake.

4. Kuhusu ndoa ya Agnetha.

Agnetha ni mtoto wangu wa kwanza, mwalimu wa shule ya msingi huko Segese. Amepata mchumba anaitwa Luka. Sijamwona huyo kijana kwa macho, na ndivyo inavyotakiwa, kijana mwenye malezi hafiki kwa wakwe kabla wazee hawajasemezana. Niliambiwa anafanya kazi za mitambo, nikajua ni makarasha, nikaridhika. Wazee wake wako Katoro. Kwa kuwa baba yake mkubwa, Mzee Deusdedit, ana mgongo na mimi nina goti, tulikubaliana tuonane kwenye simu, picha na sauti, Jumamosi saa kumi.

Nilivaa koti. Maneno nilikuwa nimeyaandaa wiki nzima, na Mama Agnetha ameyasikia hadi anayajua kuliko mimi. Mzee Deusdedit akaongea kwa utaratibu, akataja ukoo, akataja ng'ombe, akashusha pumzi, akauliza: "Sasa mzee mwenzetu, tumekaribishwa au tumefukuzwa?" Nikafungua mdomo nijibu. Hapo ndipo Fundi alipobonyeza.

Kwangu simu ilinyamaza. Kwao, naambiwa, nilibaki kwenye kioo mdomo wazi, jicho moja limefumba na jingine linawatazama. Wazee wale wana adabu, hawamkatizi mtu aliyekwisha kufungua mdomo. Walinisubiri robo saa nzima. Mwisho bibi mmoja akasema, "Huyu anatucheka," wakazima.

Tangu siku hiyo Agnetha, aliyeomba ruhusa shuleni kwa ajili ya shughuli hii, haongei na mimi. Ananinawisha mikono kama desturi, anaweka ugali, anaondoka. Heri angenifokea. Mtoto huyu nilimfundisha baiskeli mwenyewe pale uwanja wa stoo, nikikimbia nyuma yake nimeshika tandiko. Sasa ananipita sebuleni kama mtu anayepita kuuza karanga. Inaniuma, sitakudanganya. Wazee wa Katoro wametuma neno kwamba watapiga tena Jumamosi hii saa ileile, na nikiwacheka mara ya pili watamwelekeza kijana wao kwingine.

5. Kuhusu kudhalilishwa.

Hili ndilo baya kuliko yote. Jumapili Masudi aligonga kwangu. Akaeleza kwamba oda zake za mikanda zilikuwa zinasomwa na watu asiowajua, ndiyo maana amefunga. Akasema Fundi ametenga mtandao mwingine pembeni, wa wageni, wenye neno lake, usioingiliana na ule wa biashara. Jirani yeyote mwenye haja agonge tu, aombe, atapewa bure. Akaniangalia usoni akaniambia, "Baba Agnetha, ukihitaji wewe sema tu."

Sema tu! Kwa miaka miwili sijawahi kusema, na mambo yalikwenda vizuri. Mtu akiomba leo amekiri ya jana. Nigonge mlango wa Masudi nikiwa na koti langu, niseme nipe mtandao niongee na wakwe, halafu aniulize zamani nilikuwa natumia wa nani? Wapo watakaosema ninunue bando. Bando ni la mtu asiye na jirani. Wapo watakaosema nipande gari niende Katoro. Goti langu nimekwisha kulitaja.

Kwa hayo yote, Ndugu Mwenyekiti, naomba ofisi yako itoe amri zifuatazo kabla ya Jumamosi saa kumi. Kwanza, kila mwenye waifai katika mtaa huu atumie jina la mtoto wake wa kwanza na mwaka aliozaliwa, kama wazazi wote wenye uchungu, na asiyejaliwa mtoto atumie la mpwa. Pili, Masudi aitwe barazani aandikishe watoto wake wote, wanaojulikana na wanaosubiri kujulikana. Tatu, yule Fundi apigwe marufuku kukanyaga Nyasubi, na ikiwezekana Nyahanga pia, maana watu wa namna hii ukiwafukuza huku wanahamia kule. Nne, yale matundu matatu yafunguliwe. Kuku wasisumbuliwe tena.

Wabeja sana kwa kunisoma hadi hapa. Nisalimie mama watoto, nisalimie wajumbe wote, yule mwenye kikohozi mwambie tangawizi. Ukimwona Masudi naye msalimie, sisi hatuna ugomvi.

Ni mimi, jirani niliyekatwa,

Pantaleo Nkwabi (Baba Agnetha)

Nakala: Paroko. Mwenye bucha.

NYONGEZA. Jumatano, 17 Septemba.

Ndugu Mwenyekiti, barua hii imelala mezani kwangu wiki nzima, na humo katikati mambo yamegeuka kidogo. Naituma hivyo hivyo, karatasi isipotee bure, ila usome na haya.

Alhamisi mke wangu Bernadina, bila kuniuliza, alichukua simu yake ya kitochi akampigia mke wa Mzee Deusdedit. Waliongea dakika nne. Jumamosi asubuhi gari aina ya Noah likasimama getini, wakashuka wazee watano, mgongo wa Mzee Deusdedit ukiwemo, na mbuzi akachinjwa. Nikaulizwa swali lilelile, nikalijibu kwa mdomo wangu, mdomo ukafunguka na kufungwa bila tatizo. Agnetha alicheka kule jikoni, nilimsikia. Kisha wakamwita kijana wao aliyekuwa anasubiri nje aje asalimie. Akaingia, akavua kofia, akainama kusema shikamoo. Alipoinama nikauona mgongo, umepinda kidogo upande wa kushoto.

Kumbe Jumamosi ile ya kwanza kijana alikuwa hawezi kukaa akijua wazee wanamwombea mke, akaona bora atafute kibarua cha kumpoteza mawazo. Akakipata kwa Masudi. Alijikatia posa yake mwenyewe kwa kidole chake.

Na ule waya nilikuwa sijautoa getini. Mzee Deusdedit, akitafuna, akauliza tena ilikuwaje siku ile nikaganda mdomo wazi. Luka akautazama waya kupitia dirishani. Akanitazama mimi. Akasema, "Ni minara, baba. Ilikuwa shida ya upande wetu." Nilimpa mkono palepale mbele ya watu wote. Binti yangu amepata mtu anayejua kutunza neno.

Kwa hiyo ombi la tatu lifute. La pili pia lifute. Luka ameniapia kwamba neno jipya la Masudi lilitungwa na mashine, herufi na namba zisizo na baba wala mama. Hakuna mtoto. Nimekwenda buchani kuyarudisha maneno yangu, lakini mwenye bucha anasema yamekwisha kufika Nyahanga, na huko mtoto ana jina na anasoma darasa la pili. Kwa Mama Kausar nimekwenda na Bernadina kuomba radhi. Nilipokewa na mlango.

Ombi la nne sina haja nalo tena, kwa sababu mkwe wangu ameniwekea mtandao wangu mwenyewe, wa waya na wa hewani, zawadi kwa baba mkwe. Akanielekeza nichague neno refu, lisilonihusu, ambalo mtu hawezi kulikisia. Nikakaa nalo tangu asubuhi hadi alasiri. Agnetha anaondoka nyumba hii mwezi wa kumi na mbili. Nikaweka jina lake na mwaka aliozaliwa.

Kesho yake nikafungua orodha kama Luka alivyonifundisha. Simu kumi na moja! Yangu ni moja tu. Kwaya Sauti ya Pili yumo. Ofisi ya Mtaa imo, Ndugu Mwenyekiti, na safari hii nasema. Huu ni wizi. Hamkugonga, hamkuomba, mnatumia mali ya mtu aliyelitumikia taifa kwa miaka ishirini na miwili. Luka anasema nibadilishe neno. Nimekataa. Jina la mwanangu haliondoki mlangoni kwangu.

Basi naomba jambo moja tu badala ya yale manne. Utangaze kwenye mkutano wa mtaa kwamba kuanzia sasa, kwa sababu za kiusalama, ni marufuku mtu yeyote kuniita Baba Agnetha. Waniite Mzee wa Stoo. Nilimwomba Bernadina naye tumtafutie jina. Alikuwa anachambua mchele, hakuinua hata uso. Akasema, "Mimi ni Mama Agnetha mpaka kaburini. Wewe nenda kajifiche na kisanduku chako."

Masudi nimekwisha kumweleza, na ni muungwana, amekubali. Leo asubuhi amesimama upande wake wa ukuta akaita, "Mzee wa Stoo, shikamoo." Akaita tena. Sikuitika. Nilidhani anamwita mtu mwingine.